Barua ya wazi kwa wakuu wa afya: jibu la kipimo cha mimba likamilike kabla mama hajatoka chumbani

Kwa Waziri wa Afya, Katibu Mkuu wa Wizara na Mkurugenzi Mkuu wa Huduma za Afya, Kampala. Kwa maofisa afya wa wilaya. Kwa wakuu wa vituo vya afya, vya serikali, vya dini na vya watu binafsi.

Waheshimiwa,

Salamu kwenu na poleni kwa kazi. Tunaowaandikia ni wakunga na wapima ultrasaundi tunaohudumia akina mama kwa Kiswahili, katika miji ya mipakani kama Busia, Malaba na Koboko, jirani na kambi za jeshi, na katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyaka II. Mishahara hatuigusi hapa. Hiyo ina barua yake. Tunamzungumzia mwanamke mwenye mimba ya kwanza ambaye amepimwa, amekabidhiwa karatasi, na sasa amepanda boda boda kurudi nyumbani bila kujua karatasi hiyo inasema nini.

Kwa hesabu za kituo mama huyo ameshahudumiwa: jina limo kwenye rejista, picha imetoka, foleni imesogea. Kwetu bado. Kipimo kimekwisha pale anapojua nini kimeonekana, kina uzito gani, na arudi wapi siku gani. Hofu nyingi tunazokutana nazo hazitokani na ugonjwa. Zinatokana na jibu lililokatwa katikati, na jibu la namna hiyo linaweza kurekebishwa kwa amri ya ofisi zenu hata kabla fedha za mashine mpya hazijapatikana.

Karatasi yenyewe imejaa vifupisho: EDD, GA, EFW, AFI, FHR. Musawo, yaani mhudumu wa afya, anavisoma bila shida. Mama anaipeleka kwa senga (shangazi) wake, au kwa jirani aliyekwisha zaa, au anaipiga picha na kuituma WhatsApp, na huko anarudishiwa habari ya mtu fulani aliyepasuliwa. Wapo wanaokimbilia emmumbwa, dawa ya mitishamba na udongo, wapo wasiorudi tena kliniki. Hatuwalaumu. Mwenye mimba ya tatu ana mbili za kulinganisha nazo. Huyu hana hata moja.

Tuanze na tarehe ya kujifungua, maana hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Mtoto wa mimba ya wiki 7 hadi 13 hupimwa urefu kutoka utosini hadi matakoni. Katika umri huo watoto wote hukua kwa mwendo unaokaribiana, awe wa mama mrefu au mfupi, kwa hiyo hesabu hukosea siku 5 hadi 7 tu. Baadaye tunapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, na kila mtoto ameanza kufuata umbo la ukoo wake. Kati ya wiki 16 na 21 kosa hufika siku 10. Kati ya wiki 22 na 27 ni siku 14. Kuanzia wiki 28 ni siku 21 au zaidi, mbele au nyuma. Sasa mama amepimwa mara tatu katika vituo vitatu, na ana tarehe tatu: 3 Machi, 17 Machi, 24 Februari. Anauliza ipi ni ya kweli, anajibiwa "fuata ya mwisho." Jibu hilo ni baya kuliko yote, kwa sababu ya mwisho ndiyo yenye kosa kubwa zaidi.

Madhara yake si ya karatasi tu. Mtoto aliyedumaa tumboni, mwenye wiki 34 lakini mwili wa wiki 31, akisogezewa tarehe anaonekana mzima kabisa. Dalili pekee iliyokuwepo imefutwa na kalamu. Mwingine ni mkubwa wa mwili, mashine inamwongezea umri, kisha mama anaambiwa amepitiliza na anaanzishiwa uchungu, na mapafu ya mtoto hayajakomaa. Mashine haina hatia hapa. Nyingi zina sehemu ya kuingiza tarehe iliyokwisha kuthibitishwa. Mpimaji asipoijaza, mashine inaanza hesabu upya kwa kuangalia ukubwa wa mtoto wa siku hiyo.

Kanuni ni fupi, na tunaomba itoke kwenu kama agizo. Tarehe iliyowekwa na kipimo cha kwanza cha mapema ndiyo inayobaki hadi mtoto azaliwe. Kama mama anaikumbuka vizuri siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, mzunguko wake haubadiliki, na hakuwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango, tarehe ya hedhi inabaki isipokuwa tofauti yake na kipimo imezidi zile siku tulizotaja. Vipimo vya baadaye vinaulizwa swali jingine kabisa: je, mtoto anakua inavyotakiwa kwa tarehe ile ile? Iandikwe kwa wino mwekundu kwenye jalada la kijitabu cha mama na mtoto, tunachokiita pasipoti, na asiibadilishe mtu bila kuandika sababu na kutia sahihi.

Ili kipimo kiwe cha mapema, mama naye aje mapema. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8, la kwanza kabla ya wiki 12 kupita, na ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka huo huo wa 2016 ulikuta kuwa chini ya theluthi moja ya wanawake nchini walianza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Sababu zinajulikana: mimba changa haitangazwi, kituo kiko mbali, mume bado hajaambiwa. Lakini kuna moja iliyo mikononi mwenu. Mama anayefika wiki ya 9 akaambiwa "nenda, urudi tumbo likionekana" atatii, na atarudi wiki ya 26. Kauli hiyo ipigwe marufuku vituoni.

Kuja mapema nako kuna mtego wake. Mfuko wa mimba huonekana karibu na wiki ya 5, na mapigo ya moyo karibu na wiki ya 6. Aliyekuja kabla ya hapo, au aliyekosea hesabu kwa siku kumi, ataonekana ana "mfuko mtupu", na kuna mahali ambapo siku hiyo hiyo huandikiwa misoprostoli, dawa ya kusafisha mfuko wa uzazi. Mimba hai hupotea hivyo. Vipimo vinavyokubalika kusema mimba imeharibika ni vikali kwa makusudi: kwa probu (kile kishikio cha mashine kinachotoa picha) ya ukeni, mtoto awe na urefu wa milimita 7 au zaidi bila mapigo ya moyo, au mfuko uwe na wastani wa milimita 25 au zaidi bila mtoto ndani. Chini ya hapo, mama anarudi baada ya siku 7 hadi 14. Kwa probu ya tumboni, ambayo ndiyo iliyopo vituo vingi, tahadhari iongezwe, kwani haioni kwa ukaribu ule. Tunaomba misoprostoli isitolewe kwa neno la kipimo kimoja cha mtu mmoja wakati mama hatoki damu nyingi na hana homa.

Kinyume chake, mfuko wa uzazi ukiwa hauna kitu, kipimo cha mkojo kinasema ana mimba, na mama anaumwa tumbo upande mmoja, anatoka damu au anahisi kuzimia, hapo hakuna cha "rudi baada ya wiki mbili." Hiyo inahesabiwa kuwa mimba nje ya mfuko wa uzazi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na safari ni ya siku hiyo hiyo kwenda kwenye chumba cha upasuaji, kituo cha ngazi ya IV au hospitali.

Kuna pia mambo madogo yanayomsumbua mama bure kabla hata hajalala kitandani. Anaambiwa aje na njaa. Ultrasaundi ya mimba haihitaji njaa, na mwenye mimba changa anayetapika huishia kuanguka kwenye foleni. Anachohitaji kabla ya wiki ya 12 hivi, kwa kipimo cha tumboni, ni maji ya kama lita moja saa nzima kabla, na asikojoe. Baada ya hapo kibofu kilichojaa hakina kazi. Na kwa kuwa wengi huuliza: ultrasaundi ni mawimbi ya sauti, haina mionzi ya eksirei.

Maneno yanayotisha kwenye ripoti ni machache na yanajirudia, kwa hiyo kila kituo kinaweza kuwa na maelezo yake tayari. "Kondo liko chini" katika wiki ya 20: kwa karibu 9 kati ya 10 wa namna hiyo, kondo litakuwa limepanda mfuko unapopanuka. Arudi wiki ya 32, na likiwa bado liko chini ya milimita 20 kutoka mlango wa kizazi, arudi tena wiki ya 36. Kwa sasa anachotakiwa kujua ni kwamba akitokwa damu, hata kama haumwi, aende hospitali siku hiyo na asikubali kuingizwa vidole kabla ya kupimwa kwa mashine. "Mtoto ametanguliza matako" katika wiki ya 28 ni hali ya karibu mmoja kati ya wanne au watano. Mimba ikitimia hubaki 3 au 4 kati ya 100. Swali hilo lina maana kuanzia wiki ya 36, si kabla. "Kitovu kimezunguka shingo" huonekana katika mtoto mmoja kati ya wanne au watano wanaozaliwa, na peke yake si sababu ya kumpasua mtu.

Uzito wa mtoto, EFW, hukosea kwa 15 kati ya 100 juu au chini. Kilo 4 za mashine zinaweza kuwa 3.4 za mizani, au 4.6. Msichana wa miaka ishirini anayeambiwa "mtoto ni mkubwa, hutaweza" kwa tarakimu hiyo moja, bila kisukari na bila sababu nyingine, ameharibiwa uzazi wake wote kwa makadirio. Maji ya uzazi nayo: AFI kati ya sentimita 5 na 25 ni ya kawaida, au dimbwi moja lenye kina cha sentimita 2 hadi 8. AFI ya 8 si "maji yameisha", ingawa tunaona ikiandikwa hivyo.

Ugomvi mkubwa zaidi uko kwenye maneno "hakuna kasoro." Kuna vipimo viwili ambavyo mama hatenganishi kwa sababu sisi wenyewe hatuvitenganishi. Kimoja ni cha msingi: mtoto ni mmoja au wawili, moyo unapiga, umri, kondo, maji. Mkunga aliyefundishwa anakifanya kwa muda mfupi. Kingine ni cha viungo, kati ya wiki 18 na 22, na hicho kinataka nusu saa, mashine nzuri na jicho lililozoea: vyumba vya maji kichwani viwe chini ya milimita 10, ubongo wa nyuma, mdomo, uti wa mgongo mzima, vyumba vinne vya moyo na mishipa inayotoka humo, tumbo la chakula, ukuta wa tumbo, figo, kibofu, mikono na miguu. Ripoti ya dakika nne haiwezi kusema hakuna kasoro. Iseme: "Vilivyoonekana ni hivi, visivyoonekana ni hivi, kwa sababu mtoto amelala vibaya," au mashine haifiki huko. Mama anavumilia ukweli huo. Asichovumilia ni kuambiwa mtoto hana neno, kisha azaliwe na mgongo wazi.

Wengine wanatishwa kwa upande wa pili. Kijifuko kidogo cha maji kwenye ubongo, au kidoa cheupe ndani ya moyo, vikiwa peke yake na viungo vingine viko sawa, havimdhuru mtoto. Kijifuko hicho mara nyingi hupotea ifikapo wiki ya 28. Vikiandikwa kwenye ripoti bila sentensi ya pili, vinamnyima mama usingizi wa miezi minne. (Na hapa tuseme wazi: nusu ya wanaokuja wiki ya 13 wakilipia kipimo wanataka kujua kama ni mvulana. Wiki hiyo jibu bado linaweza kukosea, na anayelitoa kama la hakika anauza bahati nasibu.)

Pale kasoro ilipo kweli, mara nyingi mama anaambiwa jina la ugonjwa na kuachwa nalo. Mbona matibabu yapo nchini? Maji kichwani na mgongo wazi vinatibiwa hospitali ya CURE, Mbale. Mdomo uliopasuka na nyayo zilizopinda zinatibiwa hospitali ya CoRSU, Kisubi. Nyayo hizo hunyooshwa kwa plasta za kubadilishwa kila wiki, na kazi inakwenda vizuri zaidi ikianza wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Moyo ni Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago. Kila wilaya ibandike orodha hiyo ukutani kwenye chumba cha ultrasaundi, pamoja na jina la hospitali ya rufaa ya mkoa ambako mama huyo atajifungulia, ili neno "rufaa" liwe na anwani.

Sasa vipimo vya hatari ya Down, hali ya mtoto kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, ambavyo hospitali binafsi za mjini zinaviuza na ambavyo vinazidi kuwafikia wanawake wa huku kupitia ndugu zao walioko Kampala. Kipimo cha kuchuja ni ungo. Kazi yake ni kutenga wachache watakaopimwa zaidi, na jibu lenyewe hakilitoi. Cha kwanza ni kupima unene wa maji nyuma ya shingo ya mtoto kati ya wiki 11 na wiki 13 na siku 6, mtoto akiwa na urefu wa milimita 45 hadi 84, pamoja na damu ya mama. Kikifanywa vizuri hunasa karibu 9 kati ya 10, lakini pia huwatia hofu bure kama wanawake 5 katika kila 100. Jibu huja kwa namna ya "1 kwa 250". Mama wa mimba ya kwanza anasoma hapo kwamba mtoto wake ana Down. Maana yake ni kwamba wanawake 250 wenye jibu kama lake, 249 wanazaa watoto wasio na hali hiyo. Kipimo cha chembe za urithi za mtoto katika damu ya mama, kuanzia wiki ya 10, ni kizuri zaidi, lakini nacho ni cha kuchuja. Kinachothibitisha ni kuchota maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, na hatari ya kupoteza mimba kwa kazi hiyo ni chini ya 1 kati ya 100 mikononi mwa aliyezoea.

Tazameni jinsi tarehe inavyorudi hapa: umri wa mimba ukikosewa kwa wiki moja, hesabu ya damu yote inaharibika, na hatari iliyoandikwa haina thamani. Msimamo wetu ni kwamba asiuziwe mtu kipimo hiki kabla ya kuelezwa mambo matatu: jibu litakuja kwa sura gani, kuthibitisha kunafanyika wapi na kwa gharama gani, na kwamba ana haki ya kukataa. Kituo kisichoweza kueleza hayo ni afadhali kisipime.

Vipimo vya damu na mkojo vya kliniki ya kawaida vina hofu zake, na huko nyumba huvunjika. Kijiti cha kaswende kinachotumiwa pamoja na cha HIV hutafuta kinga za mwili, na kinga hizo hubaki hata miaka mingi baada ya mtu kupona. Mistari ikitokea, inaweza kuwa ya leo au ya zamani. Mama apewe penisilini ya benzathini yuniti milioni 2.4 siku hiyo hiyo, nusu kila tako, kwa kuwa kumsubirisha kunamhatarisha mtoto. Kisha kipimo cha RPR kitofautishe pale kinapopatikana, na mume atibiwe. Lakini maelezo hayo yatangulie kabla ya neno "kaswende" kutamkwa, na yasitamkwe mlangoni watu wakisikia. Kwa HIV, kijiti kimoja si jibu. Utaratibu wa taifa unataka vipimo zaidi vya kuthibitisha, na mama haambiwi lolote hapo katikati. Likithibitika, dawa zinaanza siku hiyo. Mpango huo wa dawa za maisha kwa kila mjamzito mwenye HIV upo Uganda tangu 2012, na mama anayemeza dawa vizuri, uwezekano wa kumwambukiza mtoto ni chini ya 5 kati ya 100. Tarakimu hiyo itamkwe kwenye chumba hicho hicho, dakika hiyo hiyo. Homa ya ini aina ya B ni vivyo hivyo: aliyekutwa nayo aelezwe kwamba mtoto hukingwa kwa chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na kwamba mwenye virusi vingi hupewa dawa ya tenofovia wakati wa mimba. Chanjo hiyo ya saa 24 iwepo chumba cha kujifungulia, siyo kwenye friji ya jengo jingine lililofungwa Jumamosi.

Selimundu tunaiomba kwa mkazo. Utafiti uliotumia sampuli za damu za watoto wachanga kutoka nchi nzima, uliochapishwa 2016, ulikuta kwamba karibu 13 kati ya 100 wana AS, yaani wamerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu. Mwenye AS si mgonjwa. Mume na mke wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa wa selimundu, na wengi hulijua hilo mtoto wa kwanza akiwa tayari amevimba vidole. Kipimo cha zamani cha kituoni, kinachoangalia tu kama seli za damu zinapinda, hakiwezi kutofautisha AS na SS. Sampuli yenye jibu chanya ipelekwe kwenye maabara inayotenganisha aina za himoglobini, mume apimwe, na mtoto apimwe mapema baada ya kuzaliwa.

Kundi la damu lenye alama ya kutoa, yaani Rhesus hasi, ni jambo la mimba ya kwanza hasa. Mimba hiyo mara nyingi haina tatizo. Hatari inaandaliwa kwa ajili ya zinazofuata. Sindano ya anti-D, inayozuia hatari hiyo, hutolewa wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ni Rhesus chanya. Hutolewa pia mimba ikitoka. Kumwambia mama "tafuta anti-D" siku ya pili baada ya kuzaa, wakati duka lenye dawa hiyo liko mji mwingine, ni kumpotezea saa zake.

Mengine kwa ufupi. Sukari kwenye mkojo si kisukari. Kinachoamua ni kunywa gramu 75 za glukosi kati ya wiki 24 na 28, na kisukari cha mimba ni 5.1 mmol/L au zaidi kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya mbili. Moja ya hizo inatosha. Protini ya alama moja na presha ya kawaida: mkojo urudiwe, wa katikati, baada ya kujisafisha, maana ute wa ukeni nao husomeka kama protini. Presha ikifika 140 kwa 90, hakuna kurudia wiki ijayo. Himoglobini chini ya 11 ni upungufu wa damu, chini ya 7 ni hospitali.

Mashine zenyewe zinakufa kabla ya wakati, na sababu tunazijua. Umeme unaporudi kwa kishindo huunguza. Kila mashine iende na kifaa cha kutuliza umeme na betri yake. Probu ikianguka hata mara moja, fuwele zake za ndani huweza kupasuka na picha ikawa na mistari myeusi. Ikifutwa kwa jiki, ngozi yake hubanduka. Karatasi ya kuchapia huisha, na ile iliyochapwa hufifia ikikaa juani au ndani ya mfuko wa joto. Ifikapo mwezi wa nane ni nyeupe. Kwa hiyo vipimo vinakiliwe kwa mkono kwenye pasipoti, kila mara. Bajeti ya mashine isiyo na mstari wa jeli, karatasi na matengenezo ni bajeti ya kununua kabati.

Kuhusu watu: mkunga wa ngazi ya III anaweza kufanya kipimo cha msingi. Kituo cha Nawanyago, Kamuli, kilianza kuonyesha hilo mwaka 2010, picha zikitumwa kwa wataalamu kusomwa. Taasisi ya Ernest Cook pale Mengo inafundisha ultrasaundi. Mafunzo ya siku mbili yanayotolewa na muuza mashine yasihesabiwe kuwa mafunzo. Na kila mkunga anayepima awe na mtaalamu mmoja mkoani wa kumtumia picha, mwenye wajibu wa kujibu siku hiyo hiyo.

Kuhusu lugha: Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mkataba wa haki za wagonjwa wa Wizara yenu unataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo hatuombi sheria mpya. Tunaomba mhuri. Upigwe kwenye pasipoti baada ya kila ultrasaundi na ujazwe kwa mkono, Kiswahili huku kwetu, Luganda au Lugbara au Ateso kwingine, maneno haya:

Mtoto: mmoja / zaidi. Moyo unapiga: ndiyo / hapana.
Umri wa mimba leo: wiki ___ siku ___.
Tarehe ya kujifungua: ___. Iliwekwa na kipimo cha wiki ya ___. Haibadilishwi.
Kondo: ___. Maji: ___.
Viungo vilivyoonekana: ___. Visivyoonekana: ___.
Maana yake kwa mama: ___.
Hatua inayofuata: ___. Mahali: ___. Siku: ___.
Njoo siku hiyo hiyo ukiona: damu, maji kutoka, kichwa kuuma sana, mtoto kuacha kucheza.
Aliyeeleza: ___. Kwa lugha: ___. Simu ya kituo: ___.

Mihuri ya kila aina huchongwa Nasser Road, mtaa wa Kampala unaojulikana kwa uchapaji na kughushi hati, wengine wenu mnalijua hilo vizuri kuliko sisi. Kwa mara moja ichongwe ya halali. Agizo la tarehe isiyobadilishwa liende kwa maofisa afya wa wilaya pamoja na mhuri huo, na wasimamizi wanaokuja kukagua vituo kila robo ya mwaka, badala ya kuhesabu majina kwenye rejista, wafungue pasipoti kumi za akina mama waliokaa kwenye benchi na kutazama kama mstari wa "Hatua inayofuata" umejazwa. Kisha wamuulize mama mwenyewe unasema nini.

Wenu katika kazi,

Wakunga na wapima ultrasaundi wa vituo vya mipakani na makazi ya wakimbizi